Karai la Kabichi

Mpishi alirudi kutoka chooni akijishikilia ukutani. Tangu alfajiri tumbo lilikuwa likimwendesha, na sasa alisimama mbele ya karai la kabichi mbichi ya kachumbari, kisu mkononi, akimwomba Mungu amsitiri. Jiko la shule lilikuwa na bomba, lakini sabuni ilifungiwa ofisini kwa msimamizi, ikimngoja mkaguzi kama vyombo vya wageni.

Asubuhi alikuwa amekwenda kumweleza msimamizi.

"Bosi, naharisha. Naomba nipumzike leo, au nipe masufuria nisugue. Chakula nisikiguse."

Msimamizi hakuinua macho kwenye simu yake. "Kwani unapika kwa tumbo? Kama kazi imekuchosha sema, wenye kuitaka wamejaa getini."

Afanye nini? Binti yake alisoma hapo bure kwa kuwa mama ni mfanyakazi. Kazi ikiota mbawa, na masomo yanaruka nayo. Akarudi jikoni.

"Usijali, shoga," alisema mwenzake wa jikoni, waliyemwita Kicheko. "Hapa hata tumbo likitaka kuuma liombe ruhusa kwanza." Akaangua kicheko, kisha na yeye akatimua mbio chooni.

Mpishi alichota majivu mekoni, akasugua mikono mpaka ikawasha. Woga haukutoka. Kila kabichi aliyoikata aliitazama kama mtu anayetia sumu, na maharage yaliyokuwa yakitokota pembeni ndiyo pekee yaliyompa amani. Yale moto utayasafisha. Kabichi nani ataisafisha?

Mchana watoto walipanga foleni, na binti yake, mpenda kula, ndiye aliyekuwa mbele. Mpishi aliinama, akamnong'oneza:

"Leo kabichi usile, mwanangu."

"Kwa nini, mama? Na wenzangu je?"

Mtoto aliuliza tu, hakukusudia ubaya. Nyuma yake rafiki yake, anayelala kwao kila likizo, alikuwa ameshanyoosha sahani. Mpishi aliona haya. Wa kwake anamkinga, wa wenziwe anawalisha! Akalinyanyua karai, akalimwaga lote kwenye ndoo ya makombo.

Msimamizi alikuja mbio. "Una wazimu wewe?"

"Nilikwambia naumwa, bosi. Wape maharage, yamechemka vizuri."

"Vua aproni. Na huyo mtoto wako, kesho asije."

Aliivua, akaikunja, akaiweka mezani. Roho ilikuwa imetulia kidogo. Akamshika binti yake mkono.

Hawajafika mlangoni, msimamizi alimwita Kicheko, aliyekuwa ndio kwanza anatoka chooni, ameshika tumbo.

"Vaa hii aproni, ukate kabichi nyingine. Haraka, watoto wana njaa!"

"Bosi, walau sabuni..."

"Mkaguzi anakuja Ijumaa."

Kicheko alimtazama shoga yake, akatazama getini walikosimama wale wenye kuitaka kazi. Kisha akakiokota kisu.