Mzunguko wa Tatu

Nilimwona mume wangu kwenye dirisha la gereji moja ya Mtaa wa Jules, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, ilhali nilikuwa nimemzika miaka minne kabla.

Alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, spana mkononi, mikono ya shati imekunjwa hadi juu ya viwiko. Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe. Nyuma yake lilionekana gari pana, lililoinamia mbele kama linataka kuruka, na mistari miwili mipana imepita katikati ya boneti. Wazungu wawili walisimama wakiichekea kamera. Yeye hakuitazama. Alilitazama gurudumu, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo, vilevile alivyofanya miaka ya mwisho kila nilipompa sindano anitungie uzi. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika kwa mkono, kwa Kiingereza: Unamfahamu Sammy?

Ilikuwa Agosti 2017. Nilikuwa nimefika Malvern, huku Afrika Kusini ninakoishi, kununua zipu, na upepo mkavu wa mwezi huo ulikuwa ukinirushia vumbi la machimbo machoni. Nilisimama pale na kifurushi changu hadi mwanamume mmoja akatoka ndani, vipande vya uzi mweusi vimemganda kwenye aproni. Nilijisemea kwa Kiswahili, kwa sauti, bila kujua. Akanijibu kwa Kiswahili.

"Maman, huyu mutu unamujua?"

"Ni mume wangu," nikasema. "Lakini hakuitwa Sammy."

Jina lake lilikuwa Amosi Mabuza. Nilimkuta Mazimbu, karibu na Morogoro, walikokaa wakimbizi wa siasa wa Afrika Kusini. Mimi nilishona sare za watoto wa shule yao. Yeye alitengeneza matrekta ya shamba. Kiswahili alijifunzia kwangu, na hadithi ya kwanza ndefu aliyoweza kuisimulia kwa lugha hiyo ilikuwa ya gari. Gari la Kimarekani, Camaro, mwaka sitini na tisa, lililoundwa kwa ajili ya mashindano, na machache sana ya aina yake yalifika kwao. Aliwahi kuwa fundi wa gari hilo, alisema. Asubuhi moja alilichukua akalizungusha Kyalami, uwanja wa mashindano, peke yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Niliamini kila neno, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu sikuwa na habari Kyalami ni kitu gani.

Mwaka tisini na mbili tulirudi kwao, yeye akirudi, mimi nikifika. Nikajifunza nani alikuwa akiruhusiwa wapi enzi za ubaguzi, nani alikalia benchi gani. Kadiri nilivyoijua nchi ndivyo hadithi ya mume wangu ilivyopungua uzito kichwani mwangu. Yeye aliendelea kuisimulia. Harusini, misibani, kwa mafundi bomba. Mizunguko ilikuwa mitatu, haikuongezeka wala kupungua. Usukani ulikuwa kushoto. Injini ile, alisema, haisikilizwi kwa masikio, husikilizwa kwa mbavu.

Jumapili moja ya mwaka 2009 tulikuwa na wageni baada ya ibada, Watanzania wenzangu watatu walioolewa huku kama mimi, pamoja na waume zao. Amosi akaanza. Alipofika kwenye usukani wa kushoto mgeni mmoja akaguna, na mimi nikaona aibu, aibu ya mwanamke ambaye mumewe ana hadithi moja tu.

"Amosi, wageni wamechoka," nikasema. "Nani angemwachia Mwafrika gari la Mzungu mwaka sabini na mbili? Ulikuwa unaliosha, basi."

Wakacheka sana. Naye akatabasamu, akakunja kitambaa chake cha mkono mara mbili, akakiweka kando ya sahani.

"Labda nilikuwa naliosha," akasema.

Aliishi miaka minne zaidi. Hakulitaja gari lile tena, hata siku za mwisho, kiharusi kilipomlegeza ulimi na kumfanya aropoke mambo ya utotoni. Alimtaja mbuzi wa bibi yake. Alitaja mto. Gari hakulitaja.

Mwanamume mwenye aproni alikuwa Placide, fundi viti kutoka Lubumbashi. Alinivutia kiti kilichokuwa bado hakijamaliziwa kushonwa, akanipa chai, akasema, "Uketi, maman. Ule muzee anakuya." Nyuma yake, chini ya taa ndefu za dari, lilikuwepo lile gari. Nilikuwa sijawahi kuuliza rangi. Lilikuwa la buluu, buluu nzito ya bahasha za barua za zamani, na mistari yake myeupe ilikuwa safi kiasi kwamba niliogopa kupumua karibu nayo. Nikachungulia dirishani mwake. Usukani ulikuwa kushoto.

Bwana Jacques alikuja akijifuta mikono. Mzungu mrefu wa miaka sitini na kitu, goti moja bovu. Alinieleza kwa Kiingereza cha polepole. Gari lilikuwa la kaka yake, Hannes, aliyekuwa dereva wa mashindano. Hannes alipofariki, mama yao alilifungia bandani huko Benoni, na kuku wakataga ndani yake kwa miaka thelathini na zaidi. Jacques alitumia miaka sita kulirudisha. Chuma cha sakafu alikikata na kukiunda upya. Vioo na nembo alivitafuta nchi tatu. Sasa jumba moja la makumbusho huko Marekani lilikuwa limelichukua, na Novemba lingepelekwa bandarini Durban.

"Nilitaka Sammy alione kabla halijaondoka," akasema. "Nilitaka aliendeshe."

"Amefariki," nikasema. "Mwaka 2013."

Akainamisha kichwa. Kisha akaniuliza, kwa tahadhari, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua uimara wake: "Aliwahi kukuambia lolote kuhusu gari hili?"

Nikamwambia nilivyoambiwa. Kwamba ilikuwa katikati ya wiki, asubuhi, uwanja mtupu. Kwamba dereva alikuwa ameteguka kifundo cha mkono na breki zilikuwa mpya, lazima zijaribiwe. Kwamba Amosi alivaa kofia ngumu ya dereva na glovu zake ili mlinzi wa lango asione ngozi hata kidogo. Mizunguko mitatu. Wa tatu alitumia dakika moja na sekunde arobaini na moja.

Bwana Jacques akakalia tairi.

"Nukta sita," akasema hatimaye. "Arobaini na moja nukta sita. Mimi ndiye niliyeshika saa."

Sikulia. Nilishika kikombe kwa mikono miwili nikaitazama chai.

Alileta daftari dogo lenye jalada la ngozi. Akanionyesha tarehe, hali ya hewa, mizunguko mitatu, na pembeni, kwa wino uliogeuka kahawia, jina: Hannes.

"Tulikubaliana sote watatu," akasema. "Ingejulikana, Hannes angefungiwa kushindana. Sammy angefungwa jela."

"Amosi."

"Samahani?"

"Jina lake Amosi. Amosi Mabuza."

Akalirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Tulifanya kazi miaka mitatu," akasema. "Sikuwahi kumuuliza."

"Sasa hakuna wa kufungiwa wala wa kufungwa," nikasema. "Andika jina lake."

Hapo uso wake ukabadilika. Akalifunga daftari, akalilaza kifuani. Muda ule, alisema, ndio uliompa Hannes nafasi kwenye timu kubwa. Miaka mitatu baadaye akafa barabarani kama mtu yeyote, akienda kununua maziwa. Hakushinda mashindano yoyote ya maana. Ule mzunguko ndio uliokuwa kwenye hati za gari, ndio watu waliomkumbuka nao. "Nikiuondoa, kaka yangu anabaki na nini?"

"Na mume wangu alibaki na nini?" nikauliza.

Nilikuwa nimemkusudia yeye. Lakini swali lilipotoka nililisikia likigeuka na kunitazama mimi. Nikaweka kikombe chini, nikachukua zipu zangu, nikaondoka. Placide alinisindikiza hadi barabarani, akauliza ninakokaa, nikamwelekeza. Alinishika kiwiko tulipovuka.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Nyumba yetu ya Bertrams ina vyumba vitatu, na sauti iliyoishi humo na mimi ilikuwa ya friji. Nilishona mapazia ya watu. Siku za mechi uwanja wa Ellis Park ulinguruma upande wa pili wa paa, maelfu ya watu wakishangilia jambo moja kwa pamoja, nami nikisubiri wamalize. Nilijaribu kumwomba Amosi msamaha. Nilijaribu jikoni, nikajaribu mbele ya kabati lenye makoti yake. Maneno yalitoka vizuri, yakaanguka sakafuni. Hapakuwa na mtu wa kuyaokota, na mtu pekee aliyejua kwamba Amosi alisema kweli alikuwa amekataa kuliandika jina lake.

Jumamosi moja ya Oktoba, mijakaranda ikiwa imeanza kumwaga maua, nilisikia mngurumo. Niliusikia kwanza kwenye vyombo vya kabatini, kisha mbavuni. Nilipofungua mlango majirani walikuwa wamejaa kwenye mageti yao, na lile gari la buluu limesimama mbele ya nyumba yangu, likitetemeka.

Bwana Jacques alishuka kwa shida. Hakunisalimu hata. Alinipa daftari likiwa wazi.

Jina la Hannes lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake, kwa wino mpya, lilisomeka Amosi Mabuza, na chini tarehe ya wiki ile na sahihi ya Jacques. Alikuwa ameandika kwa uangalifu kama mwanafunzi, lakini kwenye herufi ya B mkono ulikuwa umeteleza.

"Hati zinazoondoka na gari nimezibadilisha pia," akasema. "Hannes alijua kuendesha, mama. Ila siku ile hakuwa yeye."

Nilitaka kumshukuru na sikuweza. Nikamuuliza kama amekula. Akasema amekula. Tukasimama, wazee wawili, kila mmoja na marehemu wake.

"Ingia," akasema.

Nikaingia upande wa kulia, ambapo nchi hii yote hukaa dereva, na mbele yangu hapakuwa na kitu cha kushika. Tulipita Ellis Park, tukaingia Mtaa wa Jules, ule mtaa ulionyooka kama uzi uliovutwa. Bwana Jacques akakanyaga mafuta kidogo tu. Mgongo wangu ukazama kitini, maduka yakaanza kukimbia kurudi nyuma, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba mume wangu, aliyekuwa akinywa chai kwa kijiko na kufunga kitasa mara mbili kila jioni, aliwahi kuwa mtu wa namna hii. Peke yake, ndani ya kofia ya mtu mwingine. Mwendo huu mara mbili, mara tatu. Kisha akavua glovu, akachukua spana.

Kwenye robot, ndivyo huku waitavyo taa za barabarani, nyekundu ikiwa imewaka, dereva wa teksi alitutazama, akanichungulia nilivyokaa mikono mapajani.

"Eish, gogo," akaita, yaani bibi, "usukani wako wameuiba?"

Bwana Jacques akacheka. Nami nikacheka, na kicheko kikaenda mbali kuliko nilivyokusudia, hadi ikabidi nigeuzie uso dirishani.

Gari liliondoka wiki ya pili ya Novemba. Siku hiyo nilimpigia simu Suzan, binti yetu, anayefanya kazi Cape Town. Alizaliwa Morogoro, akaja huku na miaka minane, na Kiswahili chake hakikukua zaidi ya hapo. Nilianza kwa Kiingereza, lakini hadithi ilikataa. Nikamsimulia kwa Kiswahili, taratibu, kuanzia dirishani hadi kwenye daftari.

"Nilikuwepo ile Jumapili," akasema nilipomaliza, kwa Kiingereza. "Nilikuwa jikoni naosha vyombo. Baba aliingia, akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani. Alizifuta zote."

"Sikujua," nikasema.

"Mama, kwa nini ulimwambia vile?"

Ningeweza kutaja wageni. Ningeweza kutaja uchovu, au nchi yenyewe, na jinsi ilivyonifundisha kisichowezekana.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Upande wake nilisikia maji ya bomba, kisha nikasikia yakifungwa, kisha kiti kikivutwa. Hakukata simu. Nami sikukata.