Kasese Bila K

Kitufe cha K kilikufa Ijumaa saa nne asubuhi. Gidioni akakitukana kwa Lhukonzo, kisha kwa Luganda, kisha kwa Kiswahili alichookota barabarani zamani akiwa utingo wa lori. Hakikuelewa lugha hata moja.

Wala hakikufa bure. Miaka sita Gidioni alikuwa akiwachapia watu barua na matangazo katika kibanda chake pale Bwera, na katika wilaya ya Kasese hakuna herufi inayofanyishwa kazi kama K. Majina ya watu kama Kule na Kambale, kijiji cha Kyondo, kahawa, kanisa, vyote vilipita hapo. Na kidole cha Gidioni, aliyeacha shule darasa la tano, kinagonga kama nyundo.

Siku nyingine angengoja fundi. Lakini kazi ya siku hiyo ilikuwa ratiba ya harusi ya binti yake mwenyewe, Kabugho, itakayofanyika kesho yake. Mkewe, Biira, alitaka ikachapwe mjini kwa wataalamu. Gidioni aliapa mbele ya ukoo kwamba ataichapa yeye. Saa sita gari la harusi lingeondoka kupanda Kyondo, na ratiba sitini zilitakiwa ziwe ndani.

Faruku, dereva wa malori ya Kongo, alikuwa amekuja kutoa nakala ya leseni. Akachungulia skrini.

"'Harusi ya Abugho na Ambale,'" akasoma. "Mzee, hawa beko batu ya wapi? K yao imezuiwa forodhani?"

"Nyamaza. Imekufa."

"Basi weka C. Cabugho. Utasema bibi harusi ametoka Ulaya."

"Binti yangu wa tatu anaitwa Kabugho, na ni kwa K. Toka kwenye mwanga wangu."

Gidioni akavuka barabara kwa Shamirah, anayeuza chaja na makava ya simu. Juu ya mlango wake pameandikwa AKSESERI kwa rangi nyekundu.

"Shamirah, una K?"

"Herufi waulize walimu, mzee wangu. Mimi nina chaja."

Akamweleza. Shamirah akacheka mpaka akashika meza.

"Na akseseri za ndani ya kompyuta yako? Zilikuja nayo. Hujawahi kuzifungua?"

Neno hilo Gidioni aliliona kila siku kwenye skrini na kulipita. Kwenye lori, akseseri ni vishada vya kioo na honi ya kuimba. Gari linatembea bila hivyo.

"Mimi mapambo sitaki."

"Mapambo gani, mtu mbishi wewe! Kuna kikokotoo, kuna pa kuchorea, kuna lenzi ya kukuza maandishi. Na kuna kibodi nzima inatokea kwenye skrini, unaibonyeza kwa kipanya. K ya huko haichakai."

Alirudi bila kuaga. Akafungua neno lile, akatafuta, na kibodi ikatandikwa chini ya skrini, herufi zote zimejipanga. Akasogeza mshale mpaka kwenye K. Akabonyeza.

Kabugho.

"Eee!" Faruku akapiga makofi. "K imevuka mpaka!"

Ziliingia moja moja, K thelathini na moja. Alipomaliza akajaribu na ile lenzi, aone tu inafanya nini. Jina la binti yake likakua, likajaza skrini kutoka ukingo mpaka ukingo. Gidioni akaegemea kiti, akaliangalia, na printa ikamngoja.

"Mzee, saa!" Faruku akamshtua.

Biira alifika saa sita kasoro, karatasi ya mwisho bado ya moto. Akasoma moja kutoka juu, kidole kikifuata kila mstari, akitafuta kosa. Katikati kidole kikasimama.

"Hapa kwa wazazi wa bibi harusi. Jina langu limetangulia lako. Umekosea?"

"Sikukosea."

Biira akakunja ile moja, akaitia kwenye mkoba wake, akabeba hamsini na tisa kwenda kwenye gari.