Chaki Mdomoni mwa Mwalimu

Kitendawili! Zizi langu lina ng'ombe weupe, hawatoki nje wala hawafi njaa.

Ni meno, bila shaka. Mjukuu wangu Abdia alikuwa akikijibu hicho kabla sijamaliza kutega. Mwaka huu nilipomtegea aligeuza uso, akavuta mtandio mpaka puani.

Ng'ombe wa Abdia wana mabaka. Madoa meupe kama chokaa, na wawili wa mbele wamepata rangi ya chai. Ni maji ya kisima cha chumvi aliyokunywa utotoni tulipokuwa tukihama na mifugo, meno yake ya ukubwani hayajaota. Nyumbani hakuna aliyejali. Kwetu ng'ombe wa mabaka ndiye asiyesahaulika. Lakini alipoanza kufundisha darasa la kwanza hapa Garsen, katoto kamoja kanaitwa Muna kakanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe unakula chaki?"

Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo Abdia akawa anafundisha a, e, i, o, u kiganja kikiwa mdomoni. Na watoto mnawajua. Wakaanza kusoma na wao viganja midomoni, darasa zima, wakidhani ndiyo namna ya kusoma!

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Abdia hakucheka.

"Bibi, muhula ukiisha naacha kazi."

"Uache kazi kwa ajili ya Muna? Yule mwenyewe mapengo matupu!"

Lakini niliona machozi, nikaacha mzaha. Ijumaa tukaenda wote kwa daktari wa meno, dada mmoja Mpokomo anaitwa Everline. Abdia alitaka meno yavalishwe maganda meupe, kama ya watu wa kwenye simu.

"Ya nini kuyachonga meno mazima?" daktari akasema. "Nitasugua hii rangi ya chai kwa dawa, halafu nitanywesha madoa maji mazito yanayoganda. Hayatatoweka yote, lakini yatafifia."

Akafunika ufizi kwa kipande cha mpira, akasugua, akadondosha dawa, akamulika taa ya buluu. Mimi nikashika kiatu cha Abdia, maana mkono sikuufikia.

Alipopewa kioo, alipiga yowe. Rangi ya chai ilikuwa imekwenda kweli, lakini meno yalikuwa na mabaka meupe zaidi kuliko asubuhi!

"Usiogope," daktari akasema. "Yamekauka tu."

Nikadakia. "Yamekauka? Mpaka azae?"

"Azae nini, mama?"

"Si ng'ombe akikauka hatoi maziwa mpaka azae tena? Na huyu hata hajaolewa!"

Daktari akaegemea ukuta kwa kucheka. "Mama, hayajapata mate tangu tuanze. Jino likikauka, doa linapiga kelele. Kesho yakishalowa, tazameni tena."

Nyumbani Abdia alilala kabla ya chakula. Asubuhi nikamsikia kwenye kioo: "Bibi! Njoo!"

Madoa yalikuwepo, lakini mepesi, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Ilibidi nimsogelee ndipo niyaone.

Jumatatu nilijifanya napeleka maziwa ya chai ya walimu, nikasimama dirishani. Abdia alisimama mbele yao, mikono nyuma.

"O," akasema, mdomo umeviringana.

Watoto wakaitikia "o", viganja midomoni kama kawaida. Muna ndiye wa kwanza kushusha chake. Akamkodolea macho.

"Mwalimu, chaki umeimaliza?"

Nikashika ukingo wa dirisha.

"Bado kidogo," Abdia akasema. "Nimekubakishia wewe."

Kisha akacheka, mdomo wazi, zizi zima likaonekana. Viganja vikashuka kimoja kimoja, nami nikakumbuka kwamba maziwa ya watu yanapoa.