Zawadi Isiyochukua Nafasi

Jumatatu asubuhi Glenys Penrose aliondoa sebuleni kabati la vyombo, meza ya kahawa, televisheni na picha zote za ukutani. Mwanawe Lachlan alivibeba vyote mpaka bandani, karibu na mashine za kukamulia. Ndani kukabaki sofa jeupe, zulia la rangi ya maziwa na ukuta mtupu. Glenys akasimama mlangoni, akaitazama kazi yake kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyekwisha kumnunua.

"Hapo sasa," alisema. "Bebi shawa za siku hizi, hizi sherehe za kumngoja mtoto, ni vurugu tupu. Mabaluni, mariboni, madubu ya manyoya. Yetu ya Jumamosi itakuwa safi. Nyeupe na rangi ya mchanga, basi. Maua ya aina moja, keki isiyo na madoido. Na zawadi ni moja kutoka kwa wote, kigari cha mtoto. Sitaki kuona mtu na furushi."

Rotia, mke wa Lachlan, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa sofa ili asilibonyeze. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Nyumba ilikuwa ya Glenys, kama shamba lilivyokuwa la Glenys na barabara ya kuingilia ilivyokuwa na jina la marehemu mume wa Glenys.

"Mama yangu anakuja na mikeka," alisema.

"Mingapi?"

"Sijui. Huwa haji na mmoja."

"Itakaa garini, kipenzi. Haitaibiwa."

Rotia hakubisha. Mikeka haikuwa shida yake. Shida yake ilikuwa udongo. Katika ukoo wao mtoto hupewa ardhi angali tumboni. Mwanamke mkubwa kuliko wote hutaja jina la kiwanja, huweka chembe ya udongo wa hapo juu ya tumbo, na mtoto huzaliwa akiwa mtu wa mahali. Asipopewa, anazaliwa mgeni, hata akiwa mikononi mwa mama yake mwenyewe. Rotia alikuwa anakosa usingizi kwa hilo. Mama yake alikuwa na majina ya viwanja vitatu kisiwani Banaba, kule Pasifiki, ameyashika kichwani kama alivyoyapokea. Viwanja vyenyewe havikuwepo.

Havikuwepo kwa sababu udongo wa Banaba ulikuwa fosfeti. Kampuni iliuchimba kwa miaka themanini. Ilichimba mashamba, ikachimba palipokuwa na nyumba, ikachimba makaburi, ikaacha mawe yamesimama wima kama meno ya mtu aliyekufa kwa njaa. Kilichochimbwa kilisagwa, kikapakiwa melini, kikageuzwa mbolea, na ndege zikaimwaga juu ya malisho ya Australia na New Zealand. Babu yake Lachlan alikuwa akitoka nje na kuvua kofia ndege ilipopita. Majani yaliota mpaka yakagusa matumbo ya ng'ombe. Wenye kisiwa walipelekwa Rabi, kule Fiji, wakakalishwa kwenye mahema msimu wa tufani, wakaambiwa washukuru kwa kuwa minazi ipo. Wapo wanaosema hayo ni ya zamani. Ni wale ambao majani yao bado yanaota.

Glenys alitaka pia neno ukutani. Neno moja tu, herufi za mbao zisizopakwa rangi.

"La kwenu," alimwambia Rotia. "Lenye maana ya watu wetu. Lakini liwe fupi, ukuta usije ukajaa."

"Aba," Rotia alisema.

"Herufi tatu. Safi kabisa."

Rotia hakumwambia kwamba aba ni watu na ni ardhi pia. Kwa Wabanaba neno ni hilo hilo, huwezi kumwita mmoja ukamwacha mwenzake. Aliona ukuta hauhitaji kujua yote hayo. Hilo ndilo kosa lake, na herufi zilipigiliwa Jumanne.

Jumatano kulikuwa na vumbi kwenye sofa. Lilikuwa vumbi la kijivu kinachoelekea weupe, laini kama unga. Rotia akalinyonya kwa mashine ya vumbi, akaenda kulimwaga kwenye konde la malisho nyuma ya nyumba. Kabla hajafika ndani lilikuwa limesharudi. Akalinyonya tena. Alikuwa na hofu moja, kwamba Glenys angesema wanawake wa huko kwao hawajui usafi, na akishasema hivyo asingemruhusu mama yake hata kuvuka kizingiti.

Alhamisi mama yake, Nei Kimaere, yaani Bi Kimaere, alifika Australia kutoka Rabi. Alikuwa na mikeka saba, na miguuni hakuwa na kitu.

"Viatu viko wapi, Mama?"

"Wanaviosha uwanja wa ndege. Nimeambiwa nisubiri, nikachoka kusubiri."

"Na kopo?"

Kopo lilikuwa la ugoro, na ndani yake mlikuwa na udongo kidogo uliokwanguliwa kwenye viatu vya mjomba wake Rotia, mmoja wa wachache waliorudi kuishi Banaba.

"Wamechukua," alisema Nei Kimaere. "Kijana mpole tu, ana glavu. Akaniambia, mama, udongo wa nje hauruhusiwi kuingia nchi hii, utaleta magonjwa mashambani. Nikamwambia huu umeshaingia. Akaniuliza, lini? Nikamwambia, kabla hujazaliwa, mwanangu. Akaniandikia risiti."

Nchi iliyokunywa kisiwa kizima ilikuwa imeshindwa na kikopo cha ugoro. Rotia alishika tumbo lake, akauliza mtoto atapewa nini Jumamosi.

"Majina ninayo," alisema mama yake.

"Majina matupu, Mama?"

Nei Kimaere alikuwa anatazama vumbi kwenye sofa.

Ijumaa vumbi lilikuwa na magoti. Rotia alipolinyonya lilirudi na mapaja, na jioni lilikuwa limefika mabegani. Lachlan alirudi kutoka kukamua, akavua buti, akapita pembeni ya zulia.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Bado hana kichwa," alisema Rotia. "Tusubiri."

Jumamosi walikuwa watatu, wamekaa kwenye viti vyeupe vya kukodi, mikono mapajani. Walikuwa wanawake wazee, weupe wa vumbi kuanzia nywele mpaka nyayo. Nei Kimaere alipiga magoti mbele ya yule wa katikati, kwa kuwa alikuwa Nei Teborata, bibi wa mama yake, aliyezikwa kando ya nyumba yake kisiwani kabla ya vita. Wa kulia alikuwa mdogo wake, Nei Akoia. Wa kushoto hakujitaja, na hakuwa na mkono mmoja.

"Umenenepa," Nei Teborata alimwambia Nei Kimaere, ingawa hawakuwahi kuonana.

"Ni mihogo ya Rabi, bibi."

"Naona. Na huyu mwenye mimba mbona kakaa kama anayedaiwa?"

"Anaogopa mama mkwe."

"Yule aliyetoa kabati? Tulimwona. Ana mikono mizuri ya kazi, mdomo ndio mrefu."

Glenys aliingia na keki. Akawatazama wale watatu, akatazama ukuta, akayatazama maua.

"Hawa ni wa upande wako?" alimuuliza Rotia.

"Ni wa upande wangu."

"Ungeniambia mapema, kipenzi. Nimeagiza keki ndogo." Akarudi nyuma kidogo. "Rangi lakini zimeingiana. Siwezi kulalamika."

Wageni walifika mchana, majirani na dada yake Glenys aitwaye Beryl. Viti vikawa pungufu, Beryl akasimama dirishani na sahani ya skonzi mkononi.

"Huyu bibi mkono wake uko wapi?" aliuliza Beryl.

"Ulimwagwa New Zealand," alijibu yule asiye na jina. "Sehemu yangu iliyobaki yote iko hapa, kwenye lile konde lenye ng'ombe weusi. Nina kikohozi cha samadi."

"New Zealand ni pazuri," alisema Beryl. "Mimi na marehemu tulikwenda."

Nei Akoia aliomba maji. Kisiwani kwao ukame ulikuwa ukikaa miaka, na hata alipokuwa hai hakuwahi kunywa akatosheka. Rotia akainuka kwa shida, akamimina glasi. Glenys akamshika kiwiko.

"Wao wasipewe vya kunywa," alinong'ona. "Ni vumbi, kipenzi. Watatoa tope, na zulia hili halifuliki."

Rotia alisimama na glasi mkononi. Nje ya mlango kulikuwa na mikeka saba ndani ya gari, ambayo ingepokea tope lolote. Ndani kulikuwa na wanawake waliokuja kumwonea fahari, na mama mkwe aliyemshika kiwiko. Mtoto akageuka tumboni. Rotia akainywa maji yale mwenyewe, yote, kwa kuwa hakujua ayapeleke wapi. Nei Akoia alimtazama mpaka glasi ilipoisha, kisha akatazama mapaja yake.

"Kunywa, kunywa," alisema. "Nimezoea."

Kigari kikaletwa, kikapigiwa makofi. Kilikuwa cheupe. Halafu Nei Kimaere akasimama, miguu mitupu kwenye zulia, akasema kwamba upande wao nao wana zawadi. Glenys akafumba macho.

"Tulikubaliana hakuna mafurushi," alisema.

"Si furushi," alisema Nei Kimaere. "Ni ardhi. Majina ninayo mimi, udongo anao bibi."

Nei Teborata akainuka. Akaumega ukucha wa dole gumba lake, akausaga kwa vidole, akauweka juu ya tumbo la Rotia, kwenye gauni jeupe. Akataja kiwanja cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na nani alimpa nani tangu mwanzo. Rotia alilia bila sauti. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu aliegemea sofa kwa mgongo wake wote.

"Na viko wapi, hivyo viwanja?" aliuliza Beryl. "Mtoto akitaka kwenda kuviona?"

Nei Teborata akamfuata dirishani, akanyoosha kidole.

"Cha kwanza kinaanzia pale ng'ombe wanaponywea, mpaka seng'enge. Cha pili ni mteremko ule wote. Cha tatu kimetawanyika kidogo, kiko hapa na ng'ambo ya barabara."

"Hapo ni konde la nyuma," Glenys alieleza wageni. "Ndilo bora kuliko yote. Babu yake Lachlan alikuwa akisema ukichomeka fimbo hapo, itatoa majani."

"Ni mimi huyo," alisema Nei Teborata.

"Naamini, mpenzi."

Wageni wakapiga makofi, kama walivyokipigia kigari. Mmoja akapiga picha. Glenys alikuwa wa mwisho kupiga makofi, lakini alipiga kwa moyo mkunjufu. Hofu yake yote ilikuwa imekwisha.

"Hiyo ndiyo zawadi," alisema. "Haichukui nafasi hata kidogo."

"Atakabidhiwa lini?" aliuliza Nei Kimaere.

"Nani?"

"Mwenye ardhi. Mjukuu wetu."

Glenys akacheka vizuri, kama watu wanavyocheka mgeni anapokosea neno, akaanza kukata keki.

Jioni wageni walipoondoka, bibi watatu walitoka wenyewe kupitia mlango wa nyuma, wakaenda kukaa kwenye viwanja vya mtoto, kila mmoja kwenye kimoja. Glenys alipitisha mashine mara moja tu, zulia likawa kama lilivyokuwa. Alimwambia Beryl kwenye simu kwamba kwa kweli ni watu wasio na usumbufu.

Mtoto alizaliwa wa kike. Akaitwa Teborata Penrose, na kila jioni Rotia alimpeleka kwenye konde kwa kigari, akamwonyesha mipaka yake. Nei Akoia alikuwa anapelekewa maji, kwa kuwa huko hakukuwa na zulia. Ng'ombe waliwazoea. Barua ya kuuliza juu ya ardhi aliyoandika Nei Kimaere kwa serikali ilijibiwa kwa heshima, kwamba hakuna kumbukumbu ya udongo wowote kupotea.

Majani yalipochakaa mwishoni mwa kiangazi, Lachlan alifunga mashine ya kupandia kwenye trekta, akaingia konde la nyuma kupanda mbegu mpya kabla ya mvua. Alikwenda polepole, kwa mistari iliyonyooka. Kila alipowakaribia, wale bibi waliinua miguu, mashine ikapita chini yake, kisha wakaishusha. Lachlan akawapungia mkono kuwashukuru, akageuza trekta, akaanza mstari mwingine.