Jiwe la Kianga

Matar hakuwa amepata kumwamkia Machano hata siku moja. Machano alimzidi miaka sita mizima, na kwa umri huo mtoto wa watu husema shikamoo. Lakini Matar alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi yake Bi Sichana, na mabinamu wana ruhusa yao. Akimkuta barazani pale Jang'ombe humwambia, "We bado hujafa tu?" Na Machano humjibu, "Nitakufaje, na sanda yangu umeishona kanzu?" Ndizo salamu zao. Walianza nazo wangali watoto juu ya mkeka wa Bi Sichana, wakaja nazo mpaka ndevu zikaingia mvi, na mtaani hapakuwa na aliyegeuza shingo kuwasikiliza.

Machano alikuwa tarishi. Miaka ishirini na mbili alichukua barua za ofisi kwa miguu, ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe na huku Ng'ambo, jua la utosi na mvua ya masika, na watu walimjua kwa mwendo wake kabla hawajamwona uso. Sasa alikuwa na miaka arubaini na saba. Kila mwaka, karafuu zikimalizwa kuchumwa, palikuwa na mbio za watu wazima kutoka shamba la Kizimbani mpaka Michenzani, naye alikwishashinda mara tatu mfululizo. Mwaka ule wa sabini na moja Matar naye akajiandikisha. Yeye alikuwa seremala, akipiga mbao za kumiminia zege kwenye yale majumba marefu yaliyokuwa yakipanda Michenzani. Kifua kipana, miguu mifupi, mdomo haulali.

Asubuhi ya mbio watu walikusanyika Kizimbani, penye majamvi ya kuanikia karafuu. Matar alikuwa na raba mpya. Machano, kama ada yake, miguu mitupu, na nyayo zimekolea hina aliyotiwa na mkewe Mwatum kuzipoza.

"Mtazameni bibi harusi," Matar akasema mbele za watu. "Hina mpaka kifundoni. Nani kakuoa, babu?"

"Aliyenioa ananingoja Michenzani. Wewe utatukuta tushamaliza fungate."

"Hufiki. Leo nakuvunja mguu, Machano. Wallahi nakuvunja mguu, nikurejeshe kwa Mwatum umebebwa kitandani."

Watu wakacheka, na Machano akacheka. Karibu yao alisimama bwana mmoja wa kamati ya mbio, mwenye kitabu kidogo mkononi. Yeye hakucheka. Hakuwa mtu wa mtaa wao, na hakujua kuwa hawa ni mabinamu.

Zilikuwa siku za mtu kupima neno kabla hajalitoa. Mtu akichukuliwa, hapana aliyeuliza amepelekwa wapi. Kwao hufungwa mlango, na jirani akipita hupita upande wa pili wa njia. Hilo kila mtu alilijua. Lakini utani wa binamu nani aliwahi kuupima? Ulikuwa kama kikohozi, unatoka tu.

Wakaanza. Maili za mwanzo Machano alikwenda mwendo wake wa barua, wala haraka wala pole, akawaacha wenye papara wajichokee wenyewe. Walipofika Kianga mbele walikuwa wamebaki wawili, yeye na Matar nyuma yake, na nyuma kabisa lori la kamati likijikokota. Hakuhitaji kugeuka. Alizisikia zile raba zikipiga barabara, pwata, pwata, kama mtu anayekanda unga. Mara raba zikanyamaza. Machano akasema moyoni, kachoka huyu, sasa namwacha. Akakaza.

Hapo kitu kikampiga nyuma ya mguu wa kushoto, juu kidogo ya kisigino, kwa nguvu ya mtu aliyekusudia. Na mlio wake aliusikia, ta, mkavu, kama tawi la mkarafuu linapomvunjikia mchumaji. Akatupa hatua nyengine, mguu haukumpokea. Akaanguka kifudifudi juu ya kokoto.

Alipogeuza kichwa alimwona Matar, hatua kama thelathini nyuma, ameinama, mkono uko chini. Matar alikuwa akifunga kamba ya raba yake iliyomfunguka. Machano kamba hakuiona. Aliuona mkono.

"Kanipiga jiwe," akasema. "Matar kanipiga jiwe."

Lori likasimama, yule bwana wa kitabu akateremka.

"Nani kakupiga?"

"Yule."

"Umemwona?"

"Nimemwona ameinama."

Matar naye akafika mbio. Alikuwa hajajua lolote, ameona mtu kaanguka, basi akaja na lile lile la asubuhi. "Si nilikwambia, bibi harusi? Nilikwambia hufiki." Akacheka.

Bwana wa kitabu akamtazama Matar, akamtazama aliye chini. "Asubuhi nimemsikia kwa masikio yangu akiapa kukuvunja mguu. Kweli si kweli?"

Palikuwa na nafasi pale. Machano angesema, tunataniana, bwana, huyu binamu yangu, na jambo lingekwisha kwenye kokoto zile zile. Lakini mguu ulikuwa unawaka moto, ushindi wake wa nne umelala barabarani, na kicheko cha Matar kilikuwa bado kimo masikioni mwake.

"Kweli," akasema.

Wakamshika Matar mikono miwili. Hakufurukuta. Alimkodolea macho Machano akingoja acheke, maana katika utani wao hii nayo ingeweza kuwa zamu ya Machano. Akangoja hivyo mpaka anapandishwa lorini. "Machano," akasema, "waambie." Machano alikuwa ameushika mguu wake kwa mikono yote miwili, uso kaufukia begani.

Walimteremsha Machano mlangoni kwake. Mwatum akamwekea maji ya moto na chumvi, akamfunga kitambaa. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Matar hakurudi. Nyumba ya Bi Sichana, ambayo ni ya tatu kutoka kwao, mlango ulikuwa umefungwa, na watu wa njiani wakaanza kupita upande wa pili.

Siku ya nne asubuhi Bi Sichana akabisha hodi. Alikuwa ameshapindukia miaka sabini, na siku tatu zile alizimaliza kwenye madawati ya maofisini akimuulizia mwanawe, kila dawati likimwambia si hapa. Kazi yake ilikuwa kukanda. Waliovunjika na walioteguka wa mtaa mzima walikuwa wamepita mikononi mwake. Alikuja na chupa yake ya mafuta ya nazi.

"Shikamoo, shangazi," Machano akasema.

"Marahaba. Lala kifudifudi."

Akakaa mkekani, akaufungua mguu, akapitisha vidole taratibu.

"Jiwe lilikupiga wapi, mwanangu?"

"Hapo."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

"Mwatum."

"Naam, shangazi."

"Njoo unitazamie, macho yangu yashazeeka. Unaona ngozi imechubuka?"

Mwatum akainama, akatazama kwa kitambo. "Hapana. Pamevimba tu."

"Jiwe la kumwangusha mtu mzima kama huyu, lisichune hata ngozi." Hakuwa anauliza. Akaliminya shavu la mguu wa kulia, ule mzima, na unyayo ukacheza. Akaliminya la kushoto. Unyayo ukakaa kimya kama wa maiti. Kisha akauchukua mkono wa Machano mwenyewe, akaupeleka nyuma ya kisigino, akakikandamiza kidole chake pale. Palikuwa na shimo. Pale penye ile kano nene, ambayo kila mtu anayo na hapana anayeikumbuka, kidole kilizama mpaka nusu ya ukucha.

Bi Sichana akapaka mafuta, akakanda muda mrefu. Halafu, kwa ile sauti aliyokuwa akiwategea yeye na Matar walipokuwa wadogo, akasema:

"Kitendawili."

"Tega," Machano akajibu. Lilimtoka lenyewe.

"Kamba yangu siioni wala siishiki, ndiyo iliyofunga nyumba yangu. Imekatika peke yake, nyumba imelala."

Jibu alikuwa nalo, lilikuwa chini ya kidole chake. Lakini kulitamka ni kutamka na mengine yote. Akakiondoa kidole.

"Umeshindwa? Nipe mji, basi."

"Chukua Kizimbani, shangazi."

"Kizimbani nkafanye nini?" Bi Sichana akaifunga chupa yake. "N'namtaka Matar."

Alipokwisha kutoka, Mwatum aliufunga mlango na kukaa juu ya kinu.

"Najua unalolifikiri. Usende."

"Hapana jiwe, Mwatum."

"Sawa, hapana jiwe. Ukenda kusema umekosea watakuuliza, kwa nini ulisema. Utawajibu nini?"

"Ntawajibu nilidhani."

"Ulidhani. Siku hizi nani anadhani, Machano?"

"Matar kacheza harusi yetu. Kavaa kanga yako mbele za wazee, watu wakavunjika mbavu."

"Nakumbuka. Nami n'nampenda kama ndugu yangu." Mwatum alikuwa analia bila ya kujifuta. "Lakini yeye keshaingia. Wewe bado uko nje."

Kesho yake Machano akaomba apakiwe kwenye gari la hamali, akasukumwa kutoka Jang'ombe mpaka mjini, amekaa juu ya magunia matupu na mguu ameunyoosha mbele. Ofisi ya wale wanaochukua watu aliijua. Alikwishapeleka barua pale mara nyingi, akiishia mlangoni. Ngazi alizipanda kwa makalio, kinyumenyume, moja baada ya moja.

Ndani alimkuta yule yule bwana wa kitabu. Mezani kwake palikuwa na jiwe, ukubwa wa ngumi, limezungushiwa uzi, na kwenye uzi kinaning'inia kikaratasi kilichoandikwa Kianga.

"Jiwe gani hilo?" Machano akauliza.

"Jiwe lako."

"Mimi sikupigwa jiwe, bwana. Kano imekatika yenyewe. Shangazi yangu kanikanda, hapana mchubuko hata kidogo."

"Shangazi yako ndiye nani?"

"Bi Sichana."

"Mama yake Matar."

"Ndiye."

Bwana akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa akikingoja. "Na lile la kuvunja mguu?"

"Utani. Sisi mabinamu. Ndivyo tunavyoamkiana."

"Mnaamkiana kwa kuapa kuvunjana miguu." Akaliandika. "Sikiliza, mzee. Ama siku ile ulisema kweli, na leo unasema uongo. Ama siku ile ulisema uongo, na leo unasema kweli. Chagua."

Machano alitaka kumwambia kuwa liko la tatu, kwamba mtu anaweza kusema lisilo kweli na asiwe mwongo, kwa vile mguu wake mwenyewe umemdanganya. Akaitazama ile kalamu. Haikuwa na nafasi ya la tatu.

"Siku ile," akasema.

"Siku ile nini?"

"Siku ile nilisema uongo."

Wakampa karatasi akatia saini. Bwana akaiweka juu ya nyengine, na feni isiipeperushe akaikandamiza kwa lile jiwe.

Machano walimweka ndani siku tisa. Alipotoka alikuta nafasi yake ya utarishi imeshapata mtu, na hata isingepata, tarishi wa mguu mmoja nani anamtaka? Matar hawakumtoa siku zile, wala mwezi ule. Kila Ijumaa baada ya sala Bi Sichana alikuja na chupa yake kuukanda ule mguu. Alimkanda vizuri kama anavyowakanda wengine, akamuuliza maumivu, akamuombea dua. Vitendawili hakumtegea tena.

Mguu ukapona ulivyotaka wenyewe. Machano aliweza kwenda, ila kisigino hakikuweza kumwinua; hata nguo iliyoanikwa juu ya kamba alimwita Mwatum amtungulie. Akajifunza kushona makubadhi, akawa anakaa barazani mchana kutwa na sindano na vipande vya ngozi. Na akiwa pale mikono inashona, alikuwa akijitayarishia siku ya Matar kurudi. Alijua atakavyoanza. Atasimama pale njiani, mikono kiunoni, aseme, "Bibi harusi, mbona unakwenda kama bata?" Na yeye atamjibu, "Bata anajua kuogelea. Wewe ukitumbukia karoni unazama." Alilipima hilo jibu, akalibadilisha, akalirejesha. Mara nyengine Mwatum alimkuta anatabasamu peke yake.

Mwezi wa nane tangu achukuliwe, Matar akarudi. Machano alimwona anatoka kwenye kona ya duka, na kwanza hakumjua. Kifua kilikuwa kimeingia ndani na kichwa chote cheupe. Alikuwa akienda ubavuni mwa ukuta, mkono mmoja unaupapasa, kama mtu asiyeiamini njia. Alipofika mbele ya baraza akasimama. Aliiweka miguu pamoja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka Machano."

Machano akangoja lililobaki. Akamtazama midomo, maana lilikuwa halina budi kuja, japo neno moja, japo tusi. Midomo ilikuwa imekwisha kufungwa.

"Marahaba," akasema. "Hujambo, Matar?"

"Sijambo, kaka."

Kisha akavuka akapita upande wa pili, polepole, kwenda kwa mama yake. Machano akaliinua kubadhi alilokuwa akilishona, akaitafuta sindano ilipoingia. Lile jibu la bata alikuwa bado nalo mdomoni, na hakujua alitie wapi.