Kioo Kando ya Hori

Kila mwaka somo la kwanza la Daktari chuoni lilikuwa lilelile: kondoo asifungwe peke yake. Akiwa mpweke hula kidogo, moyo humwenda mbio, na vipimo vyote utakavyomchukua havina maana. Wafugaji aliowatembelea aliwaambia hivyohivyo, nao hawakumbishia.

Sasa zizi la utafiti lilikuwa limebaki na kondoo jike mmoja. Mwenzake alikufa ghafla, na mpaka majibu ya maabara yarudi, huyu hakuruhusiwa kuchanganywa na wengine. Tangu jana hakuwa amegusa chakula horini. Naye akifa, utafiti wote umekwenda na maji.

"Daktari, huyu anatuaga," alisema mzee mtunza zizi. "Tumchinje kabla hajatuachia ngozi na mifupa."

"Mzee, kwako kila mgonjwa ni kitoweo! Hebu nisubiri."

Alikwenda nyumbani kwake, nyuma ya chuo, akarudi amekumbatia kioo kikubwa cha ukutani. Wakakifunga kando ya hori. Kondoo akatazama, akanusa, akalia mara moja. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kutafuna.

"Lo! Kajipatia shoga!" Mzee alicheka hadi akashika mbavu. "Na wewe je, utajipambia wapi?"

"Kwa umri huu, nijipambe kwa ajili ya nani?"

Jioni, nyumbani kwake, Daktari alijipakulia viazi, akaketi mezani. Mbele yake, pale kilipokuwa kioo, ukuta ulibaki na mraba mweupe. Wageni aliwaambia kwamba alikitundika pale ili chumba kionekane kikubwa. Hawakujua kwamba alikitundika juma lilelile alilomzika mumewe, mkabala na kiti chake. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Baada ya tonge la pili aliweka kijiko chini. Alikaa akiutazama ule mraba, chakula kikipoa. Kisha akafunika sahani, akachukua kijiko, akatoka.

Mzee alikuwa akifunga lango la zizi.

"Umesahau kitu, Daktari?"

Alitaka kusema amekuja kukagua hori.

"Nimekuja kula," alisema.

Mzee aliitazama sahani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakufanya mzaha. Alipindua ndoo karibu na hori, akaifuta kwa kiganja, akamkaribisha aketi.

Kondoo akageuza kichwa, akakiacha kioo, akamtazama Daktari akitafuna. Kisha naye akainamia hori, akaendelea kutafuna.