Watu wa Sehemu za Chini

Redio ilisema kimbunga kinakuja, na watu wote wa sehemu za chini, na wa sehemu zilizo wazi kwa bahari, wahame waende juu. Tutani, kwenye mwinuko ulio kando ya bahari, kila mtu alisikia vizuri ile nusu ya kwanza. Ile ya pili iliingia sikio hili ikatokea lile.

Elmire alikuwa anakaanga vitunguu mchana ule wa Jumatano, na mumewe Ovide yuko mezani anangoja kikombe cha pili cha kahawa.

"Umesikia?" Elmire akauliza.

"Nimesikia. Watu wa bwawani hao."

"Na Clélie je?"

"Si ndiyo nasema. Kamchukue mdogo wako, mimi nikawatoe ng'ombe majanini."

Tuta lenyewe, kusema kweli, halikuwa refu kuliko mwanamume aliyesimama wima. Lilikuwa mchanga na makombe yaliyosukumwa pale na bahari zamani: mbele bahari, nyuma bwawa la nyasi lisilo na mwisho, na juu yake miti ya mialoni, nyumba, kanisa na makaburi. Lakini katika pwani ile ya Louisiana, ambako ng'ombe akizama mpaka magotini watu husema ardhi imekauka, kimo cha mtu mmoja ni mlima. Watoto wa tutani walikua wakijua kwamba wao ni watu wa juu. Walioishi ndani ya bwawa wakitega panya wa maji na kuuza ngozi zao, hao ndio walikuwa wa chini. Kila kimbunga kilipotangazwa, wa chini walipanda kwa wa juu, wakapewa kahawa, godoro na masimango kidogo, na maji yakipwa wakarudi kwao. Ilikuwa hivyo tangu enzi za babu zao, na watu wa tutani walijisikia sana kwa ukarimu huo.

Elmire akawasha pikapu, akashika barabara ya bwawani. Njiani aliwakuta kamba. Si wa baharini, ni wale wa kwenye matope, wenye makucha. Walikuwa wanatoka majini mchana kweupe, maelfu kwa maelfu, wanaikata barabara kuelekea tutani, na magurudumu yalikuwa yanawaponda kwa sauti ya kukera. Mtu mwingine angejiuliza wanakimbia nini. Elmire aliwaza sufuria.

Nyumbani kwa Clélie alimkuta shemeji yake, Dorestan, anafunga mizigo juu ya lori lake lililojaa vitu. Mama mzee wa Dorestan alikuwa ameshakaa mbele, rozari mkononi. Clélie alikuwa kibarazani, amembeba binti yao Noémie, mtoto wa miaka minne, na uso wake ulionyesha kwamba mambo hayajakubaliwa humo ndani.

"Shemeji, unahama nchi?" Elmire akamtania.

"Nakwenda Saint-Amable."

"Saint-Amable! Maili hamsini! Kuna harusi?"

"Kuna shule. Wameifungua kwa ajili ya wanaohama."

"Ukalale sakafuni na watu usiowajua hata kwa jina? Na mimi nina vitanda vitupu?"

Dorestan alikuwa mtu wa maneno machache, na tutani walimcheka kwa hilo, wakisema matope yamemziba koo. Alikaza fundo la mzigo kabla ya kujibu. "Kamba wametoka, shemeji. Tangu alfajiri. Panya nao wametoka, na watoto wao mgongoni. Nimezaliwa humu bwawani, sijaona kitu kama hiki."

"Basi si wanakuja kwetu? Hata kamba anajua juu ni wapi!"

Clélie akacheka. Dorestan hakucheka.

"Kamba hana gari," akasema. "Angekuwa nalo, asingesimama kwenu."

Neno lile lilimchoma Elmire. Alimgeukia mdogo wake. Mama yao alikufa Clélie akiwa na miaka sita, na Elmire, msichana wa miaka kumi na minne, ndiye aliyemwogesha, akamsuka, akampeleka kanisani. Mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Clélie alikuwa mdogo wake, lakini pia alikuwa mtoto wake wa pekee, na jambo hilo wote watatu walilijua.

"Barabara ya Saint-Amable inapita mlangoni kwangu," akamwambia. "Yaani upite pale, na mtoto, ukaombe pa kulala kwa wageni? Watu watasema nini? Kwani mimi nimekufa?"

"Dada, usiseme hivyo."

"Nisemeje basi?"

Clélie akamtazama mumewe. "Redio imesema ni kesho jioni, Dorestan. Mpeleke mama, sisi tulale kwa dada. Kesho asubuhi uje, ukiona bado una wasiwasi tutaondoka wote."

Dorestan angeweza kukataa. Lakini mwanamume wa bwawani ambaye anamzuia mkewe kulala nyumbani kwa dada yake angesemwa mwaka mzima, na zaidi ya hapo alimpenda Clélie na hakupenda kumwona akilia. Akamchukua Noémie, akaweka pua kwenye nywele zake, kisha akampandisha kwenye pikapu ya Elmire.

"Nakuachia, shemeji."

"Umeniachia. Nenda salama, na uwasalimie hao wageni wako!"

Jioni ile tuta lote lilikuwa karamu. Watu walitoka na mabeseni na ndoo, wakawazoa kamba barabarani kama mtu anavyookota embe zilizoangushwa na upepo. Masufuria yakabandikwa uani, pilipili ikamwagwa, mahindi na viazi vikatumbukizwa. Afisa wa polisi akapita na gari lake, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba watu wa sehemu za chini wahame. Akamaliza, akazima kipaza sauti, akashuka, akala sahani mbili. Na yeye alikuwa mzaliwa wa tutani.

"Mleteeni na ya tatu, amechoka kututisha!" Ovide akapiga kelele, na watu wakaangua kicheko.

Clélie alikula kidogo sana. Noémie alipolala, alirudi akakaa karibu na redio. Ilikuwa saa mbili usiku, na nje upepo ulikuwa wa kawaida tu.

"Wamesema saa nne watatoa taarifa nyingine," akasema. "Tuingoje, dada."

"Tungoje nini? Kimbunga ni kesho jioni, wamesema wenyewe. Kuna asubuhi nzima mbele yetu."

"Dorestan alikuwa na hofu."

"Dorestan anahofia hata kivuli chake. Nenda kalale, Clélie. Redio hii itamwamsha mtoto."

Na Elmire, kwa mkono wake mwenyewe, akaizima. Clélie akainuka, akaenda kulala kando ya mtoto. Hakuwa amewahi kumbishia dada yake tangu utoto, na hakuanza usiku ule.

Saa nne taarifa ilitolewa. Ilisema kimbunga kimeongeza kasi, kitafika alfajiri, na maji yatapanda juu ya matuta yote ya pwani. Kila mtu aondoke sasa hivi. Nyumba tatu za tutani ziliisikia, zikapakia watoto na kuondoka. Nyumbani kwa Elmire watu walikuwa wamelala, wameshiba.

Alfajiri Ovide aliteremsha miguu kitandani, akakanyaga maji. Alidhani ndoo imepinduka. Akachovya kidole, akaonja, na chumvi ile ikamtoa usingizini kabisa.

"Elmire! Amka! Bahari iko ndani!"

Haikuwa imetoka mbele, ambako wangeiona. Ilikuwa imejaza bwawa kwanza, ikalizunguka tuta, ikawajia kwa nyuma. Pikapu ilikuwa imezama mpaka vioo. Ovide akaweka ngazi, wakapanda darini, Clélie mbele na mtoto, Elmire nyuma yake na blanketi ambalo hakujua kwa nini amelibeba. Ovide akapasua paa kwa shoka. Upepo ulipoingia haikuwezekana tena kuongea, ila kupiga kelele sikioni. Waliona nyumba ya jirani inaondoka, inapita mbele yao taratibu, taa bado inawaka dirishani, na baada ya hapo wakaihisi na yao ikinyanyuka kutoka kwenye nguzo zake.

Elmire aliomba. Hakuomba kwa ajili yake. Alisema, "Mungu, huyu si wangu, nimekabidhiwa," na alirudia hivyo hivyo, kwa sauti, bila kujijua.

Nyumba ilipogonga mialoni ikapasuka vipande. Wakabaki juu ya kipande cha paa, wamelala kifudifudi, vidole ndani ya mabati. Clélie alikuwa ukingoni. Mikono yake ilikuwa inatoka damu. Akamsukuma Noémie kwa nguvu zote zilizobaki.

"Mshike wewe, dada! Mikono yangu imekufa!"

Elmire akamvuta mtoto, akambana chini ya kifua chake. Alipoinua uso ili amshike na Clélie, wimbi lilikuwa limeshapita, na pale ukingoni hapakuwa na mtu. Hakusikia kelele. Hakuona hata nywele zake majini. Aliita mpaka sauti ikakatika, na Ovide alimlalia miguuni kumzuia asijitupe.

Paa lile lilielea na kuwashusha maili kumi na mbili ndani ya bwawa, kule kule kwa watu wa chini. Mchana mashua ya wavuvi ikawaona. Ovide akabaki na wavuvi kutafuta wengine, maana kila mwanamume mwenye nguvu alihitajika. Elmire na Noémie wakapandishwa kwenye lori la jeshi pamoja na watu ishirini hivi, wamefunikwa magunia.

Njia nzima alipanga maneno. Redio ilisema kesho jioni. Tuta halijawahi kufunikwa. Ulikubali mwenyewe, shemeji, uliniachia mwenyewe. Yote yalikuwa kweli, na kila alipoyapanga aliona aibu zaidi kuliko kabla ya kuyapanga. Alijichukia kwa kuyatafuta. Akaomba lori lisifike.

Lilifika jioni. Shule ya Saint-Amable ilikuwa imejaa watu, ukumbi mzima umetandikwa mablanketi. Dorestan alikuwa chini ya dirisha, amekaa juu ya sakafu tupu pembeni ya mablanketi matatu yaliyotandazwa vizuri. Asubuhi alikuwa ameondoka kuwafuata, akakuta barabara imeingia majini maili thelathini kabla ya bahari. Alijitosa kwa miguu mpaka shingoni, askari wakamrudisha kwa nguvu. Mama yake alikuwa kwa masista na wazee wengine. Tangu hapo alikaa pale, na kila aliyetaka kusogea upande ule alimwambia pana watu.

Aliwaona. Akasimama. Macho yake yakapita kwa Elmire, yakapita kwa mtoto, yakatua mlangoni nyuma yao. Watu wa lorini waliingia mmoja mmoja, na yeye akamtazama kila mmoja mpaka wa mwisho, mzee mmoja asiye na viatu. Kisha mlango ukafungwa.

"Dorestan," Elmire akasema. Maneno yote ya njiani yakampotea.

"Baba," Noémie akasema, "mama ameanguka kwenye maji."

Dorestan akanyoosha mikono, akamchukua. Akaweka pua kwenye nywele zake na kukaa hivyo.

"Nitukane," Elmire akasema. "Nipige, shemeji. Niliizima redio. Alitaka kusikiliza, mimi nikaizima. Sema neno, nakuomba."

Alimtazama kwa macho mekundu. Elmire aliona kwamba neno lipo, tena ni kubwa, na kwamba hatalisema, si leo wala siku nyingine. Afadhali angempiga kofi.

"Kaa chini, shemeji," Dorestan akasema. "Umelowa."

Elmire akakaa kwenye ukingo wa blanketi, nusu sakafuni. Mama mmoja wa kujitolea alikuwa anapita na daftari, miwani imemteleza puani, anaandika waliofika ili chakula kiwatoshe wote.

"Bwana Dorestan," akasema, "uliniambia asubuhi mko watatu. Wenzako wamefika?"

Dorestan akatazama tena mlango uliofungwa. Akamtazama mtoto, akamtazama Elmire.

"Wamefika," akasema.

Yule mama akashukuru Mungu kwa sauti, akaandika, akaenda kwa watu wengine. Na Elmire akavuta miguu yake, akakaa juu ya blanketi lililotandikwa kwa ajili ya mdogo wake, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa.